Kigugumizi cha Mashine Kisiwe Kesi ya Polisi

Katika miezi ya karibuni yamezuka mabishano kati ya baadhi ya askari wetu walioko Arua na Koboko na wafanya biashara wanaouza kompyuta zilizokwisha kutumika. Mabishano hayo yahusu michezo ya video. Pengine wapo wakubwa watakaocheka waonapo jambo la gemu likipewa nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatukucheka, kwa sababu mshahara wa askari umekwisha kupotea kwa jambo hili, na mtu mmoja asiye na hatia amekwisha kulala mahabusu. Kwa hiyo twaona yafaa lielezwe kwa Kiswahili kilicho wazi, ili askari na polisi wajue lipi ni kosa la nani.

Kijana mmoja wa jeshi, ambaye hatutataja jina lake wala kikosi chake, alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu. Alipopata ruhusa alikwenda katika duka moja mjini Arua, akanunua kompyuta ya mezani kwa Sh. 1,400,000. Muuzaji, mtu mzima mwenye familia, alimwonyesha kadi ya picha iliyomo ndani, akamhakikishia kwamba ina nguvu kupita PlayStation 4 zinazochezewa katika vibanda vya gemu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na msomaji ayaweke moyoni.

Kijana aliichukua mashine yake hadi Koboko, akaweka gemu ya vita ambayo alikuwa ameicheza jioni nyingi kibandani. Kibandani gemu hiyo ilikwenda kama maji ya mto. Katika mashine yake mpya ilikwenda kwa kigugumizi. Bomu la kwanza lilipopasuka, picha ilisimama. Mlango wa kwanza ulipofunguliwa, ilisimama tena. Adui wa aina mpya alipotokea picha iliganda, na ilipoendelea yule kijana alikuwa amekwisha kuuawa. Wenzake waliokuja kuitazama mashine ya milioni moja na laki nne walicheka mpaka wakashika mbavu. Asubuhi yake aliipakia katika gari, akarudi nayo Arua.

"Mzee, umeniuzia kitu kibovu," alisema.

"Afande, mashine hii ni nzima. Nilikuonyesha mwenyewe," akajibu mzee. Kisha, kwa nia ya kusaidia, akaongeza neno lililomponza: "Labda tuweke kadi kubwa zaidi. Ninayo moja ya laki nane, nitakupunguzia."

Kwa masikio ya kijana, hapo mtego ulikuwa umefichuka. Alikwenda moja kwa moja polisi kushtaki udanganyifu. Konstebo aliyekuwa zamu, bila kuiwasha mashine wala kumwuliza mzee maswali matatu, alimtia ndani. Mzee alilala huko, na watoto wake wakamletea chakula kituoni.

Siku ya pili sajini mmoja aliyewahi kusomea kompyuta aliagiza mashine iwekwe juu ya meza na kuwashwa. Alicheza sehemu ya kwanza ya gemu kwa muda wa dakika kumi, na kigugumizi kilikuwapo kama kilivyoelezwa. Ndipo akafanya jambo ambalo twatamani kila polisi alijue. Alirudi mwanzo, akacheza sehemu ileile mara ya pili, bomu lilelile na mlango uleule. Picha haikusimama hata mara moja. Akamgeukia konstebo akasema, "Mashine mbovu haijiponyi ukiirudia kazi ileile." Mzee alifunguliwa kabla ya saa nne.

Sasa tueleze sajini alikuwa amejua nini.

Picha inayoonekana katika kioo cha gemu si picha moja inayotembea. Ni picha nyingi zinazochorwa upya moja baada ya moja, kama zile za sinema. Gemu nyingi hukusudia kuchora picha 30 au 60 katika kila sekunde. Zikiwa 60, mashine ina milisekunde 16.7 tu za kuikamilisha kila picha. Kazi ikizidi muda huo, picha ya zamani hubaki kiooni mpaka mpya imalizike. Mashine ikichelewa kwa milisekunde 200, ambayo ni sehemu ya tano ya sekunde, picha 12 zimekosekana. Jicho huliona pengo hilo, na mkono ulioshika pedi hupoteza shabaha.

Ndani ya kazi ya kuchora mna programu ndogo ziitwazo sheda. Sheda ndiyo huiamuru prosesa ya picha namna ya kupaka rangi na mwanga: maji yang'ae hivi, chuma chenye kutu kionekane hivi wakati wa jioni, moshi upite hivi mbele ya jua. Kitu kimoja kikiwa juani chaweza kuhitaji sheda moja, na kikiwa ukunguni kikahitaji nyingine. Ndiyo maana gemu kubwa ya siku hizi yaweza kuwa na mipangilio ya sheda makumi ya maelfu.

Mtengenezaji huziandika sheda hizo katika lugha ya fani yake, ambayo prosesa ya picha haiielewi. Kila ukoo wa prosesa una lugha yake. Ya NVIDIA si ya AMD, na ya AMD si ya Intel. Hata ndani ya kampuni moja, kizazi cha mwaka huu hakisemi sawasawa na kile cha miaka mitano iliyopita. Hapana budi pawe na tafsiri, na hiyo tafsiri huchukua muda. Swali ambalo kisa chetu chote kimesimama juu yake ni hili: tafsiri yafanywa lini?

Msomaji aliyepata kuhudumu Koboko ataelewa upesi. Wilaya ile imekaa mahali zinapokutana Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili kabla hujamaliza kulipia fungu moja la mihogo. Ofisa akienda hapo na tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza, bila kujua ni nani watakaokuwapo, hana budi kusimama baada ya kila sentensi ili mkalimani afanye kazi yake. Mkalimani akimaliza Kikakwa, mama mmoja wa nyuma huinua mkono akataka aambiwe kwa Kiarabu. Ofisa ni hodari, mkalimani ni hodari, tangazo ni zuri. Lakini mkutano wenyewe wakwama-kwama. Ofisa yuleyule akisimama mbele ya kikosi chake hakwami hata kidogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri tangu siku za King's African Rifles, na kila aliye mbele yake amefundishwa lugha hiyo ya amri kabla ya kukabidhiwa bunduki.

Basi PlayStation ni gwaride, na kompyuta ni soko la Koboko.

Sony walipoitoa PlayStation 4 mwaka 2013, walitoa mamilioni ya mashine zenye prosesa ya picha ya aina moja. Hata ukiihesabu ile iitwayo Pro, iliyotoka mwaka 2016, aina ni chache mno na zote zajulikana. Mtengenezaji wa gemu huzitafsiri sheda zake akiwa kazini kwake, akaziweka zikiwa tayari ndani ya diski. Mashine ya kibandani Arua haina la kutafsiri, kwani hupokea amri na kuzitekeleza. Mtengenezaji huyohuyo akiuza gemu hiyohiyo kwa wenye kompyuta, hajui katika nyumba ya mnunuzi mna kadi ipi, ya mwaka gani, wala yaendeshwa na draiva ya toleo gani. Kwa hiyo hupeleka sheda zikiwa zimefika nusu ya safari, na draiva iliyomo katika kompyuta humalizia nusu iliyobaki. Bomu likipasuka kwa mara ya kwanza, sheda ya moto wake hutafsiriwa papo hapo, na picha yote hungoja. Likipasuka kwa mara ya pili, tafsiri imekwisha kuwekwa katika akiba, na hakuna kinachongojewa.

Ndiyo sababu mashine ya yule kijana ilikuwa na nguvu kuliko PlayStation 4, na bado ikaonekana dhaifu.

Twaomba sasa msomaji azingatie jambo moja ambalo mzee wa duka mwenyewe hakulijua, na ambalo lingemgharimu kijana laki nane nyingine. Kazi ya kutafsiri sheda haifanywi na kadi ya picha. Hufanywa na prosesa kuu ya kompyuta, na wakati huo kadi ya picha hukaa ikingoja kama askari asiyepewa amri. Anayenunua kadi kubwa ili kuondoa kigugumizi hiki ni sawa na ofisa aliyekwama kwa ajili ya mkalimani, naye badala ya kumsaidia mkalimani akaomba aongezewe platuni. Prosesa kuu iliyo bora zaidi yaweza kupunguza muda wa tafsiri, lakini kama gemu haikuandaliwa vizuri hata mashine za bei kubwa kabisa hukwama. Huo haukuwa uvumi wa vibandani. Mwaka 2022 na 2023 wenye mashine za fahari huko Ulaya na Marekani walilalamika kwa sauti ileile ya kijana wetu wa Koboko.

Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, ililaumiwa na wachezaji wa kompyuta kwa kukwama. Desemba ya mwaka huohuo ilitoka The Callisto Protocol, na lawama zilikuwa nyingi hata kampuni ikalazimika kutoa marekebisho upesi. The Last of Us Part I ilikuwa tayari katika PlayStation 5 tangu Septemba 2022; ilipofika katika kompyuta Machi 2023, ilikuja na utaratibu wa kutafsiri sheda kabla ya kucheza. Wazo hilo lilikuwa zuri, ila wachezaji wengi walingoja nusu saa, na wengine zaidi ya saa, na hata hivyo gemu ilikuwa na matatizo mengine chungu nzima. Mtu aweza kucheka tena. Lakini kwa askari mwenye saa mbili za mapumziko kabla ya kuingia lindo, saa moja ya kungoja ni nusu ya mapumziko yake. Na palipo na jenereta, ni petroli.

Hapa ndipo tunapotaka kusema maoni yetu bila kuuma maneno. Zamani kidogo, katika Direct3D ya matoleo ya awali, draiva ilibeba sehemu kubwa ya mzigo huu kimya kimya. Kigugumizi kilikuwapo hata siku hizo, ila sheda zilikuwa chache na watu hawakukiona sana. Microsoft walipoleta Direct3D 12 mwaka 2015, na Vulkan ikafuata mwaka 2016, watengenezaji wa gemu walipewa mamlaka makubwa zaidi juu ya prosesa ya picha, kama walivyokuwa wameomba. Pamoja na mamlaka hayo walipewa wajibu wa kutangaza mapema mipangilio yote ya sheda watakayoihitaji, ili itafsiriwe kabla ya mchezo kuanza. Wengi walipokea mamlaka wakaliacha begi la wajibu stesheni. Walizijaribu gemu zao katika kompyuta za ofisini ambazo akiba zake zilikuwa zimekwisha kujaa tafsiri, kwa hiyo hawakuona kigugumizi, na wakaiuza kazi. Sisi tuliofundishwa katika chuo cha makadeti kwamba silaha haikaguliwi mbele ya adui twaliona jambo hilo kuwa uzembe. Mnunuzi amelipa bei kamili, kisha amegeuzwa kuwa mfanyakazi wa kiwanda asiye na mshahara, anayemalizia nyumbani kwake kazi iliyopaswa kumalizwa huko ilikotoka.

Wala isisemwe kwamba haiwezekani. Wapo waliowahi kuonyesha njia, na baadhi yao hawakuwa na kampuni wala mtaji.

Kuna programu iitwayo Dolphin, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea, ambayo huiwezesha kompyuta kuziendesha gemu za mashine za Nintendo ziitwazo GameCube na Wii. Kwa miaka mingi watumiaji wake waliteswa na kigugumizi hiki hiki, kwa maana gemu hizo ziliandikwa kwa mashine moja tu na hazikujua habari za tafsiri. Mwaka 2017 mafundi wa Dolphin walitoa dawa yao. Waliandika sheda moja kubwa sana yenye uwezo wa kuiga kila kitu ambacho mashine ya zamani ingeweza kutaka. Sheda hiyo ni nzito na huichosha kadi ya picha, lakini iko tayari wakati wote. Kitu kipya kinapotokea, sheda kubwa hushika kazi mara moja, huku ile ndogo inayofaa ikitafsiriwa kando. Ikiwa tayari, hupokezana. Ni kama ofisa wa Koboko ambaye, badala ya kunyamaza akimngoja mkalimani, aanza kwa ishara za mikono zinazoeleweka na wote, na mkalimani aingiapo yeye huteremsha mikono. Twakiri kwamba kati ya mambo yote tuliyoyasoma kuhusu habari hii, hilo ndilo lililotufurahisha zaidi.

Kampuni ya Valve nayo ilipotoa mashine yake ya mkononi, Steam Deck, Februari 2022, ilitumia hekima ya gwaride. Kwa kuwa mashine zote za aina hiyo zilikuwa na prosesa ya picha ya ukoo mmoja, Valve waliweza kuwapelekea wanunuzi tafsiri zilizokwisha kufanywa. Hivyo ikatokea kwamba Elden Ring, iliyozinduliwa siku ileile, ilisemekana kwenda kwa utulivu zaidi katika mashine hiyo ndogo kuliko katika kompyuta nyingi zenye nguvu mara nyingi zaidi. Waundaji wa Unreal Engine, ambayo gemu nyingi hujengwa juu yake, walianza katika toleo la 5.1 la mwaka 2022 kuweka njia ya kukusanya na kutafsiri sheda mapema bila kumtegemea kila mtengenezaji akumbuke. Na mwaka 2025 Microsoft walitangaza utaratibu wa kuzipeleka sheda zikiwa tayari pamoja na gemu yenyewe inapopakuliwa, wakaanzia na mashine ya mkononi ya ROG Xbox Ally iliyotoka Oktoba mwaka huo. Ni jambo la kupongezwa, ingawa limekuja miaka kumi baada ya Direct3D 12.

Turudi kwetu West Nile. Umeme wa gridi ya taifa umefika baada ya miaka mingi ya majenereta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye megawati 3.5, na kwa hiyo kompyuta zimeongezeka, na mabishano ya aina hii yataongezeka pia. Askari anayetaka kununua na ajaribu mashine kwa njia ya sajini: sehemu moja, mara mbili. Kigugumizi kikitoweka mara ya pili, ni sheda. Asimlaumu muuzaji wala asinunue kadi. Kikirudi palepale kila mara, kuna sababu nyingine. Huenda diski ni ya polepole, au kumbukumbu ni ndogo, au gemu yenyewe hukwama inapopakia eneo jipya, jambo ambalo hutokea hata katika mashine nzuri. Kikija baada ya dakika ishirini za kucheza na mashine ikiwa ya moto, na afungue kifuniko atazame feni. Vumbi la kiangazi cha kwetu limezisonga feni nyingi, na burashi ya rangi ya Sh. 2,000 ni dawa kuliko kadi ya laki nane.

Gemu ikionyesha maandishi kwamba inaandaa au inatafsiri sheda, iachwe imalize. Tumeona vijana wakibonyeza kitufe cha kuruka hatua hiyo kwa haraka, kisha wakilaani mashine usiku kucha. Gemu za Call of Duty katika kompyuta, kwa mfano, hufanya kazi hiyo mwanzoni, na huirudia draiva ya kadi inapobadilishwa, kwa kuwa mkalimani mpya hazikubali tafsiri za mkalimani wa zamani. Kwa hiyo aliyeweka draiva mpya jioni asishangae kigugumizi kikirudi usiku. Kadhalika mafundi wetu wa mjini wana desturi ya kusafisha kompyuta kila inapopelekwa kwao, na katika orodha ya Windows ya vitu vya kufutwa imo akiba ya sheda za DirectX. Wakiifuta, kazi yote huanza upya. Fundi aambiwe aiache, isipokuwa gemu ina hitilafu ya rangi au haifunguki.

Wapo pia wanaonakili gemu kwa flashi kutoka kwa rafiki, wakidhani kwamba wamenakili na ulaini wake. Uhalali wa jambo hilo polisi wanaujua kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba akiba ya tafsiri haisafiri: iliyofanywa kwa kadi ya AMD ni maneno matupu mbele ya kadi ya NVIDIA. Na walio na simu tu wasidhani wamesalimika. Prosesa za picha za simu za Android, Mali na Adreno na nyinginezo, ni soko jingine la Koboko, na gemu yaweza kukwama mara ya kwanza katika simu moja huku ikiteleza katika simu ya jirani.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno moja la pekee. Ugomvi juu ya ubora wa bidhaa una sheria yake, ile ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na mara nyingi mahali pake ni mezani au mahakama ya madai. Kuna walaghai Arua kama walivyoko kila mji. Akipatikana mtu aliyebandika jina la kadi mpya juu ya kadi ya zamani, na ashikwe. Lakini kabla ya kumfungia mtu, mashine na iwashwe. Katiba ya 1995 imeweka mpaka wa saa 48 za kumfikisha mshukiwa mahakamani. Haikuziweka saa hizo ili mtu alale ndani wakati sisi bado hatujafikiri. Katika kisa tulichoeleza, uchunguzi wote ulichukua chini ya nusu saa. Ungeweza kufanywa jioni ileile, na watoto wa mzee wasingetembea na sufuria ya chakula mpaka kituoni.

Na kwa askari twasema: sare haikupi haki ya kumtisha mwenye duka. Kijana wetu hakuwa na nia mbaya, tena alikuwa amepoteza, kwa jinsi alivyoona, akiba ya miezi mingi. Lakini alifika dukani akiwa amevaa sare, na mzee alipomwona hivyo hakuweza kujieleza vizuri. Sisi ambao kazi yetu ni kulinda jina jema la jeshi mbele ya raia tulilazimika kwenda kukaa na familia ile mchana mzima, tukanywa chai yao, tukaomba radhi. Mzee alitupokea kwa adabu kubwa kuliko tuliyostahili. Alichouliza ni kimoja tu, kama ile kadi ya laki nane angefanya makosa kumwuzia mtu mwingine mwenye tatizo lilelile. Tulimwambia angefanya makosa, na kwamba sasa anajua.

Kijana alikwenda kwake peke yake juma lililofuata, akiwa na nguo za kiraia. Walichozungumza hatukuuliza. Mashine iko Koboko hata sasa, na wale waliocheka hupanga foleni kuichezea. Kila inapowekewa draiva mpya, kijana huiwasha asubuhi, akaiacha ijitafsirie, naye akaenda gwarideni.